Kioo Kilichonuna

Siku mliponiaga pale gereji mlinipa kiti cha mbele na soda baridi, mkaniambia niseme maneno mawili matatu. Nikasema mawili: "Asanteni. Kuleni." Mkacheka, mkala. Najua mlitaka zaidi. Mdomo wangu haujawahi kuwa na haraka. Mkono nao hauna haraka, kwa maana niliishia darasa la nane na tangu hapo nimeandika majina ya wateja na vipimo vya viti tu. Lakini mkono hauoni haya kama mdomo. Basi someni polepole, kama ninavyoandika.

Niliingia gereji miaka ya tisini, Kitengela ikiwa bado na swara wanaovuka barabara na watu wachache wa kuwashangaa. Baba alikuwa ametoka Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani, tukapanga vyumba viwili vya mabati karibu na barabara ya Namanga. Bosi Karanja alikuwa akitafuta mtu wa kushona viti vya magari. Mama aliniambia nipeleke kitambaa nilichokishona nikamwonyeshe. Nikaenda, nikasimama langoni nusu saa nzima nimekishika. Mwishowe Bosi akaja mwenyewe.

"Unauza hicho kitambaa?"

Nikatikisa kichwa.

"Umekiiba?"

Nikatikisa tena, kwa nguvu.

Akakigeuza, akavuta mshono kwa kucha. Haukuachia. "Jina lako nani?"

"Nekesa."

"Haya, Nekesa. Ingia. Mafundi wangu wengine wanaongea vya kutosha."

Hayo ndiyo mahojiano yote niliyofanya maishani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mutiso, fundi wa waya, mtu mwembamba kutoka Machakos mwenye kofia ya sufu hata mwezi wa pili. Mutiso alikuwa anajua taa na vioo vya ndani ya magari ya zamani kuliko alivyojua watoto wake, na alisema hivyo mwenyewe. Gereji yetu ilikuwa na kazi ya kawaida ya kutulipia kodi, halafu ilikuwa na magari ya wazee. Ndivyo tulivyoyaita: magari yaliyokaa miaka ishirini chini ya mti, mwenyewe akaamka siku moja akataka yarudi kama yalivyokuwa. Bodi na injini vilikuwa vya mafundi wenye sauti kubwa. Sisi wawili tulipewa ndani.

Zana za Mutiso mnazijua, bado ziko kwenye kile kikebe cha maziwa ya unga. Kuna sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio. Kuna taa ya kupimia, globu moja na nyaya mbili, ncha moja ina pini ya nepi. Watu wanamcheka mtu mwenye pini ya nepi mpaka pini iingie mahali ambapo vidole vyao haviingii.

Alinifundisha hivi. Ukiletewa kioo cha ndani na mtu anaapa ni cha zamani, usimsikilize, weka sumaku. Fremu ya shaba iliyopakwa kromu haivuti. Ya bati inavuta. Ya plastiki haivuti pia, lakini ukiigonga kwa jino unajua. Halafu pumulia kioo. Ukungu ukiondoka kuanzia kando kuja katikati kwa mpango, rangi ya nyuma ni nzima. Ukiondoka kwa madoa madoa, kitakuwa na ukoma kabla ya mvua mbili. Halafu kishike kwa mkono gari likitembea kwenye barabara ya murram. Likitetemeka dirisha la nyuma ndani yake mpaka huwezi kutofautisha ng'ombe na basi, weka raba ya tyubu ya baiskeli chini ya skrubu.

Kuhusu taa ya dari, alikuwa na sheria moja. Usiipime juani. Tulifunika gari lote kwa turubai saa sita mchana, mteja akaingia, tukawasha. "Jua linaficha uongo wa taa," alisema. Jirani zetu waliokuwa wakiuza simiti walidhani tunafanya uganga humo ndani. Mutiso hakuwasahihisha, kwa sababu tangu waanze kutuogopa waliacha kuazima jeki.

Sasa nije kwa Mzee Lemayian.

Alikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akivutwa na trekta. Yaani gari ndilo lilikuwa likivutwa, yeye ameketi ndani ameshika usukani kana kwamba yuko safarini. Alitoka upande wa Kajiado, mzee mrefu, shuka begani na koti la suti juu ya shuka. Gari lilikuwa saluni ya Kifaransa ya miaka ya hamsini na kitu, pua pana, macho ya huzuni. Kuku walikuwa wameishi humo. Hilo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kwenye kiti cha nyuma tulikuta mayai matatu, na hakuna aliyethubutu kuyavunja.

Mutiso alikuwa amenifundisha namna ya kumsalimia mzee wa Kimaasai: unainamisha kichwa, anakigusa utosini. Kwangu mimi ilikuwa salamu bora kuliko zote duniani kwa sababu hairuhusu kutazamana. "Takwenya, entito," alisema. Binti, yaani. Nikajibu "Iko" nikiwa bado nimeinama. Kwa miezi miwili nilimjua Mzee Lemayian kwa viatu vyake. Vilikuwa vya akala, vya tairi ya lori, kimoja kimeshikiliwa na waya.

Gari lile hakulinunua likiwa jipya. Lilikuwa gari la Bwana Mifugo, yule daktari wa ng'ombe wa serikali aliyekuwa akizunguka huko zamani, na Mzee alilipata mnadani baadaye sana. Alituambia alipanda ndani yake mara moja tu akiwa mtoto, na alitaka ndani pawe vilevile. Kioo na taa havikuwepo tena. Picha hakuna.

"Taa ilikuwa rangi gani, Mzee?" Mutiso aliuliza.

"Ya samli."

"Na kioo?"

"Kioo kilikuwa kinacheka."

Mutiso alinitazama. Mimi nilitazama akala.

"Kinacheka namna gani, Mzee?"

"Wewe si fundi? Leta vioo. Nikikiona nitajua."

Taa haikutusumbua sana. Kajiado mjini kulikuwa na duka la Mama Halima, mama wa Kisomali ambaye familia yake ilitoka Wajir. Mbele aliuza vitambaa na sukari, nyuma alikuwa na chumba kizima cha vitu ambavyo marehemu mumewe alinunua bila kumweleza sababu. Tulipata msingi wa taa ya dari wa chuma, na globu ya kioo iliyo ndefu kama soseji, wati tano, ile inayotoa mwanga mvivu. Ilibaki kifuniko. Alichokuwa nacho kilikuwa cheupe kama meno ya tangazo.

"Hiki ni cheupe sana, Mama," Mutiso alisema.

"Kwani mlitaka kichafu? Mngesema. Viko vingi."

Mutiso alikinunua cheupe, akakirudisha gereji, akakichemsha kwenye sufuria ya chai ya rangi kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Sijui mpaka leo kama ni chai iliyofanya kazi au ni imani ya Mutiso, lakini kilitoka na rangi ya samli ya siku mbili. Mafundi wa bodi walikunywa ile chai. Hatukuwaambia.

Mzee alipowashiwa chini ya turubai alisema, "Hiyo ndiyo." Basi, taa ikapita.

Kioo sasa. Cha kwanza tulikitoa kwenye gari la aina hiyohiyo lililokufa kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu. Kirefu, bapa, fremu ya shaba, skrubu mbili. Sumaku ilikiachia, ukungu uliondoka vizuri. Nilikisugua kwa majivu na kitambaa cha flana mpaka Bosi akajichania nywele ndani yake. Tulikuwa na hakika. Mzee aliingia, akaketi mbele ya usukani, akakitazama kwa muda.

"Hapana. Hiki kimenuna."

"Mzee, hiki ndicho cha gari lenyewe," Mutiso alisema.

"Labda ni cha gari lenyewe. Lakini kimenuna."

Tukakitundika kwenye msumari stoo. Tukaleta cha pili, kidogo, cha kukaa juu ya dashibodi. "Hiki kinalala." Mutiso akafikiri usiku mzima, akaja na jibu: kioo kinachocheka lazima kiwe cha mviringo kilichofura tumbo, kile kinachofanya mtu awe na mashavu. Tukakitafuta mpaka Nairobi. Mafundi wote walikitazama wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mzee alikitazama akatoka garini. Alipofika langoni alimwita Bosi Karanja.

"Karanja, Jumamosi ya kesho kutwa natoka nyumbani na hili gari kumpeleka binti yangu kanisani. Kesho Ijumaa nitakuja mara moja. Kama kioo kitakuwa bado kimenuna, nalivuta kwenda kwa wale Wahindi wa Nairobi. Wanasema wako na vioo vya kila namna."

Alipoondoka Bosi alikuja kwenye cherehani yangu. Mutiso alimzidi umri kwa miaka kumi, hangeweza kumfokea. Mimi je? Mimi nilikuwa hapo.

"Nekesa, kazi ya ndani ni yenu nyinyi wawili. Mutiso ako na waya, anaweza kufanya kazi mahali popote. Wewe uko na nini?"

Nikazungusha gurudumu la cherehani.

"Hayo magari ya wazee ndiyo yananifanya nikuweke. Mzee akilivuta hili, wengine watasikia. Akienda Nairobi Ijumaa, wewe usije Jumatatu."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Niliwaza kurudi nyumbani kumwambia Mama kwamba nimefukuzwa kazi na kioo.

Mchana ule nilikuwa nimelala sakafuni ndani ya gari, upande wa nyuma, pale chini miguu inapokaa. Kiti cha nyuma nilikuwa nimekitoa kukishona. Nilikuwa napitisha waya wa taa chini ya kitambaa cha mlango. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Nikaona akala yenye waya ikiingia.

Mzee hakutarajiwa kurudi siku hiyo. Nadhani alikuwa amepita tu. Nilipaswa kusema, "Shikamoo Mzee, niko huku nyuma." Mtu mwingine yeyote angesema. Mimi maneno yalikwama, na kila sekunde iliyopita ilifanya iwe vibaya zaidi kuyasema.

Alifunga mlango taratibu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kati ya viti viwili niliona upande wa uso wake, ndevu nyeupe chache, sikio refu lililotobolewa. Akakikaribia kile kioo cha mashavu.

Akakitolea ulimi.

Ulimi wote, ndugu zangu. Mzee wa heshima, baba wa bibi harusi, mtu ambaye wakazi wa kule Kajiado hunyamaza akikohoa. Akasubiri. Akautoa tena. Kisha akakigonga kioo kwa ukucha, akasema kwa sauti ndogo, "Umenuna," akatoka.

Nilibaki pale sakafuni. Hofu ilipopungua nikaanza kufikiri. Mtu hutoa ulimi ili atolewe ulimi. Yeye anautoa na kioo kinamrudishia mzee mwenye ndevu, ndiyo maana kimenuna. Siku ile ya utotoni, nani alikuwa upande wa pili?

Ndipo Mutiso akaingia mbele kuchukua bisbisi yake. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akaanza kuchokonoa jino. Nikainua macho kutoka sakafuni nikamwona ndani ya kioo, uso mzima, mdogo kama kupe kwa sababu ya lile tumbo la kioo. Yeye hakujua kama namwona.

"Mutiso," nikasema.

Aliruka akagonga dari. "Mungu wangu! Uko huko tangu lini?"

"Kesho turudishe kioo cha kwanza."

"Alikikataa."

"Alikikataa akiwa mbele. Alipanda hili gari akiwa mtoto. Nani humpa mtoto usukani?"

Alinigeukia, bisbisi mkononi. Lilikuwa neno refu kuliko yote niliyowahi kumwambia. "Haya," alisema. "Lakini usimwambie ni kilekile. Mzee hawezi kukubali kitu alichokikataa mbele ya watu." Kuhusu ulimi sikumwambia. Hiyo haikuwa yangu ya kusema, na ninyi ndio wa kwanza kuijua.

Ijumaa nilifunga kile kirefu, skrubu mbili, raba ya tyubu chini yake. Kiti cha nyuma sikukirudisha. Niliweka kigoda changu cha kushonea pale sakafuni, juu yake blanketi iliyokunjwa. Tukafunika gari kwa turubai, nikawasha taa. Mzee alifika, nikainamisha kichwa, akakigusa. Alipoushika mlango wa mbele nikasema kile nilichokuwa nimekifanyia mazoezi tangu alfajiri.

"Kiti cha mbele kina gundi mbichi, Mzee. Tafadhali, nyuma."

Bosi Karanja alikuwa amesimama pembeni. Hakujua habari ya gundi yoyote. Alifungua mdomo, Mutiso akamwomba amsaidie kuinua betri ambayo haikuhitaji kuinuliwa.

"Kimetoka wapi hiki?" Mzee aliuliza, akikodolea kioo kutoka nje.

"Kimetoka mbali, Mzee," Mutiso alisema akiwa na betri mikononi. Kilikuwa kimetoka kwenye msumari.

Mzee alitazama kigoda. Nilidhani atakasirika kuambiwa akae chini kama mtoto. Akakunja ile miguu yake mirefu, akaingia, magoti karibu yaguse masikio. Nikaufunga mlango, nikashusha turubai, nikazunguka, nikaingia mbele, nikaketi kwenye kiti cha dereva.

Taa ya samli juu yetu.

"Entito," sauti ilisema nyuma yangu, "hiyo gundi imekauka haraka sana."

Nikainua mkono, nikakigeuza kioo kidogo chini, kidogo kushoto. Na mle ndani, kwa mara ya kwanza, nikayaona macho ya Mzee Lemayian. Yalikuwa mekundu kidogo kwa uzee, na yalikuwa yananitazama. Hakukuwa na mahali pa kuinamisha kichwa. Kama yule mzee angeona nimemdharau, kazi ingekwisha palepale, na sifa mbaya ingenifuata mpaka kwa Mama.

Nikatoa ulimi.

Sijui niliuacha nje kwa muda gani. Ulianza kukauka. Macho yale ndani ya kioo hayakusogea. Kisha nyuma yangu kitu kikaanza kama kikohozi, kikapanda, kikawa kicheko, kikatikisa gari lote mpaka raba ya tyubu ikapata kazi yake.

"Dereva!" alisema, akijipangusa macho. "Alikuwa dereva. Mkamba fulani. Bwana Mifugo ameketi pale kando yake, amenyooka kama mti wa simu. Mimi niko hapa chini na ndama mgonjwa, nalia, kwa sababu nimesikia watamchoma sindano. Nikaangalia juu. Yule mtu ananitolea ulimi kwenye kioo! Bwana anauliza habari ya barabara, yeye anajibu, 'Ndiyo Bwana,' halafu ananitolea tena. Mpaka Kajiado. Nilisahau ndama."

Akanikodolea macho ndani ya kioo.

"Wewe umejuaje?"

Sikujibu. Kukaa kimya nilikuwa na uzoefu nako.

"Haya. Toa tena," alisema. "Safari hii nami niko tayari."

Nikatoa. Naye akatoa, akakunja na uso juu yake, na kwa kweli alikuwa hodari kuliko mimi. Tukacheka wote wawili, mimi mpaka nikapiga honi kwa kiwiko bila kutaka.

Ile honi ndiyo iliyomleta Bosi. Alikuwa amesikia turubai likicheka, halafu likapiga honi, na ndani yake yuko mteja wake mkubwa pamoja na msichana ambaye hasemi. Alivuta turubai kwa mkono mmoja na kufungua mlango kwa mwingine. Taa ilikuwa inawaka, kwa hivyo hakukuwa na pa kuficha ulimi. Wangu ulikuwa nje. Wa Mzee ulikuwa nje. Bosi Karanja alisimama hapo ameshika kitasa, akimtazama mmoja, kisha mwingine.

Mzee Lemayian aliurudisha wake taratibu, bila haraka yoyote, akapanga shuka begani.

"Funga mlango, Karanja," alisema. "Tunapima kioo."